Waliowekwa Nyuma ya Makasha

Wanangu wa Mbweni, na nyinyi mnaokuja kutoka Chukwani na Kiembesamaki kukaa nasi barazani baada ya Isha, nimekusikilizeni usiku mwingi bila ya kutia neno. Mnasema safari hii hapana kurudi nyuma. Mnasema mtafunga njia, mtasimama mbele, na atakayekuja na aje. Anayekutieni maneno hayo hakai hapa. Huja na gari, akasema, mkampigia makofi, akaondoka. Mimi nimechoka, na umri haunipi tena sauti ya kushindana na vijana, lakini kuendelea kunyamaza nimeona ni dhambi. Basi nipeni masikio nikuhadithieni habari ya boma lililowahi kusimamishwa papa hapa Unguja. Lilijengwa kwa siku mbili, likavunjwa kwa muda usiofika saa moja.

Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Hazikupita saa nyingi, Khalid bin Barghash alikuwa keshaingia kasri na watu wake na kujitangaza kuwa ndiye sultani. Alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, rika lenu. Na ilikuwa mara yake ya pili, kwani mwaka 1893, alipokufa Seyyid Ali bin Said, alijaribu vivyo hivyo akazuiwa. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna atakayekalia kiti bila ya idhini yao. Wao mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed.

Simlaumu Khalid kwa kukasirika. Mtoto wa Seyyid Barghash, aliyekulia katika majumba yale, anaambiwa na mgeni kwamba kiti alichokalia baba yake yeye hakisogelei mpaka mgeni aridhie. Nani asingeona uchungu? Dhuluma ilikuwapo, tena dhuluma ya kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mtaniambia, "Babu, wewe unatufundisha kuinamisha vichwa." Sikufundisheni hayo. Ninachokwambieni ni kwamba mwenye haki naye anaweza kuwamaliza watu wake kwa kutopima, na haki yake isiwafae kitu wale waliokwisha kufa. Hilo ndilo linaloniondolea usingizi ninapokusikieni.

Litazameni boma lenyewe. Pale Forodhani mnaijua Beit al-Ajaib, ile iliyoporomoka upande mmoja Disemba 2020, na mnaijua Beit al-Sahel, ambayo leo ni makumbusho. Baina yao ilikuwapo Beit al-Hukm, ambayo hamkuiona wala mimi sikuiona. Majumba hayo yaliunganishwa kwa madaraja ya mbao yaliyofunikwa, watu wa ndani wapite juu kwa juu bila ya kukanyaga njia. Yalikuwa majumba ya kukaa na kupokea wageni. Hakuna aliyeyajenga akifikiria mizinga. Watu wa Khalid wakaanza kurundika mbele yake walichokipata: makasha ya bidhaa, marobota, mbao, mpira uliokuwa ukisubiri kusafirishwa. Nyuma ya marundo hayo wakapangwa watu karibu 2,800. Askari hasa kati yao walikuwa kama 700, wakiongozwa na Kapteni Saleh wa walinzi wa kasri. Waliobaki walikuwa watumishi, watumwa, na raia waliokusanywa mjini wakapewa bunduki.

Silaha zao si kwamba hazikuwapo. Walikuwa na bunduki za Maxim, Gatling moja, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili ambayo Kaiza Wilhelm wa Ujerumani aliitoa zawadi kwa sultani. Yote wakaielekeza baharini. Huko baharini walikuwa na meli moja ya kifalme, Glasgow, aliyoiunda Seyyid Barghash baada ya kimbunga cha 1872 kuziangamiza meli zake. Mbele yao zikatia nanga manowari 5 za Kiingereza: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon na, mwisho wa zote, St George iliyomleta Amiri Harry Rawson tarehe 26. Na nchi kavu, upande wa Forodha, walipangwa mabaharia na askari wa Kiingereza 150 hivi, pamoja na askari 900 wa serikali ya Zanzibar chini ya Arthur Raikes. Mia tisa hao hawakuja na meli. Walikuwa wanaume wa nchi hii, wakiwaelekezea bunduki wanaume wenzao wa nchi hii, na inawezekana kabisa walikuwapo waliojuana kwa majina.

Kuna jambo moja katika kisa hiki nataka mlishike sana. Basil Cave, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Kiingereza, alikuwa na manowari mbele ya macho yake, na bado hakufyatua hata risasi moja kabla ya kuuliza London. Alipeleka telegramu. Jibu la Salisbury, waziri mkuu, lilimruhusu kutumia nguvu, lakini lilimwonya asianze jambo ambalo hana hakika ya kulimaliza. Mwenye nguvu ndiye aliyeambiwa apime! Khalid, aliyekuwa na makasha na marobota, naye alipopewa muda wa mwisho, saa 3 ya asubuhi tarehe 27, alijibu kuwa hana nia ya kuteremsha bendera yake na kwamba haamini kama Waingereza watampiga. Boma zima lile, na roho zote zile 2,800, zilisimama juu ya neno hilo moja, kwamba haamini. Hapakuwa na shauri la pili. Hakuna aliyeuliza, na wakipiga je?

Usiku wa kuamkia siku hiyo, balozi wa Marekani, Richard Dorsey Mohun, aliandika kwamba ukimya wa mji ulitisha. Siku zote ungesikia ngoma au mtoto mchanga akilia, lakini usiku ule hapakusikika chochote. Mimi nimelala Mji Mkongwe miaka mingi ya ujana wangu, nyumba zimebanana, kikohozi cha jirani unakisikia chumbani mwako. Nikifikiria mji ule kimya kabisa, naona akina mama wameziba vinywa vya watoto wao kwa viganja. Wale wanawake walijua. Waliokuwa wakizungumza kwa sauti kubwa walikuwa kasri.

Saa 3 na dakika 2 Racoon, Thrush na Sparrow zikafungua moto. Kombora la kwanza la Thrush liliung'oa mmoja wa mizinga ya Kaiza. Rundo la makasha linaweza kuzuia risasi ya bunduki, haliwezi kombora linalopasuka. Zilipigwa kombora 500 hivi, risasi za bunduki za rashasha 4,100 na za bunduki za kawaida 1,000, zote katika kipande kile cha pwani ambacho leo unakimaliza kwa miguu kabla ya barafu ya juisi yako ya muwa kuyeyuka. Moto ukashika majumba. Glasgow ikathubutu kuipiga St George, ikajibiwa, ikazama bandarini kwa kina kifupi, hata milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji mpaka 1912. Wapo wanaohesabu dakika 38, wapo wanaohesabu 45, mpaka bendera ya kasri ikaanguka na mizinga ikanyamaza. Watu kama 500 wa upande wa Khalid, wanaume kwa wanawake, waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja wa Thrush, naye akapona.

Na Khalid? Wako walioandika kwamba aliondoka kombora la kwanza lilipolia, wako waliosema alikawia kidogo. Hapo hawakubaliani. Wanachokubaliana ni kwamba alitoka kwa nyuma na watu wake wa karibu, akaenda ubalozi wa Ujerumani, na waliobaki nyuma ya makasha waliendelea kupiga na kupigwa. Mlango wa kwenda kwa Mjerumani ulikuwapo tangu mwanzo. Yule mtumwa aliyepewa bunduki hakuonyeshwa mlango huo.

Sasa nakuja kwetu hapa. Mnapita kila siku kwenye Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililosimama tangu 1882, na mnakwenda kupiga picha kwenye magofu ya ile skuli ya wasichana kando ya bahari. Baadhi yenu babu zenu wa babu walisoma au kufanya kazi pale. Misheni ya Kiingereza ililinunua shamba hili mwaka 1871, na watu walioletwa kukaa hapa walikuwa wale waliokamatwa na manowari katika majahazi ya watumwa, wengi watoto, waliotolewa Unyasa na Uyao na Umakua na kwengineko bara. Walipewa vibanda na vipande vya kulima. Mwalimu wao mkuu, Caroline Thackeray, aliishi nao hapa miaka mingi, na kaburi lake liko uani mwa kanisa. Mimi ni Muislamu mwana wa Muislamu, na bado huwa nasimama pale kwenye uwanja wa makaburi na kusoma majina. Nina sababu yangu.

Asubuhi ile ya 1896 watu wa Mbweni walikuwa huru, maskini lakini huru, na mvumo wa mizinga hauwezi kuwa haukuwafikia, kwani kutoka hapa hadi Forodhani kwa njia ya bahari si mbali. Na kule mjini, nyuma ya makasha, watu waliotolewa bara ile ile, kwa majahazi yale yale, ila wao hawakukamatwa njiani, walikuwa wakifa kukilinda kiti kilichowamiliki. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud alitoa amri iliyompa mtumwa haki ya kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Piga hesabu wewe mwenyewe. Aliyeuawa tarehe 27 Agosti alikuwa amebakiza miezi 7 na siku 10. Sisemi Waingereza walikuwa malaika. Amri ile ilikuwa na mashimo yake, na masuria waliachwa nje mpaka 1909. Nasema tu kwamba mtu yule alikuwa na sababu zote duniani za kuishi miezi 7 zaidi, na hakuna aliyemuuliza.

Mtaniambia, babu, kwani hakuna waliosimama ngomeni kwa heshima? Wapo. Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, Wareno walizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698, miezi 33. Zile zilikuwa kuta za mawe, zilizoanzwa 1593, wala hazikubomoka. Kilichowamaliza watu ni njaa na maradhi. Lakini wakuu wao walikufa humo humo ndani kwa maradhi yale yale, na ulipita muda ambapo ngome ilishikwa na Bwana Daud wa Faza na watu wa pwani, pamoja na wanawake wa Kiafrika waliopanda juu ya kuta na silaha. Ngome ilianguka vilevile, nami siwatukuzi Wareno, kwa pwani yetu walikuwa balaa. Ila aliyekuwa ukutani pale alijua kwamba mkubwa wake anakula chakula kile kile kilichooza.

Ya Mapinduzi ya 1964 sipendi kuyafungua, kwa sababu wengi wa waliofikwa wako hai au watoto wao wako hai, na nyumba moja hapa Unguja huweza kuwa na vidonda viwili vinavyopingana. Nitagusa jambo moja tu, kwa kuwa linahusu kuta. Serikali iliyopata uhuru Disemba 1963 iliwaachisha kazi askari polisi wengi waliotoka bara. Askari hao walijua ghala za silaha za Ziwani na Mtoni zikoje, nani analala wapi, zamu inabadilika saa ngapi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 ghala zile hazikuhitaji kombora. Nilikuwa kijana mdogo, na ninachokikumbuka ni watu wazima waliokuwa wakiulizana asubuhi, vipi Ziwani imeanguka, na Ziwani ina polisi na bunduki? Walizitazama kuta. Hawakuwatazama waliofukuzwa wakiwa na kinyongo na ufunguo wa nyumba kichwani. Sultani Jamshid naye aliondoka kwa meli yake, Seyyid Khalifa.

Wala si sisi peke yetu. Wafaransa walijenga mpakani mwao na Ujerumani safu ya ngome za zege, kwa jina la waziri wao Maginot, zenye umeme na reli chini ya ardhi, na mwaka 1940 Wajerumani wakapita Ardennes, mahali ambapo wakubwa wa jeshi walisema vifaru havitapita. Askari wengi waliokuwa ndani ya ngome zile hawakushindwa na mtu. Walikuwa bado wamo humo na risasi zao serikali yao ilipotia saini kusalimu amri, wakaamrishwa watoke mikono juu. Nalileta hili ili msiseme kosa la Khalid lilikuwa umaskini wa makasha yake. Zege nalo limeshindwa palipokuwa na mkubwa aliyeamini kwamba adui atafanya anavyotaka yeye.

Nakuombeni basi, na siombi mengi. Akija tena yule mwenye gari, mpokeeni kwa adabu, mpeni kiti, mpeni kahawa. Kisha mmoja wenu amuulize kwa upole: usiku huo wa kufunga njia, wewe utalala wapi? Watoto wako watakuwa wapi? Wanasoma kisiwa gani? Na upande wa pili wakifanya lile unalosema hawawezi kulifanya, umetupangia nini? Msimtukane wala msimzomee. Mtazameni uso tu anapojibu. Akiwa ni mtu wa kweli atakujibuni, na pengine mtakuta ana hoja ya maana na njia ya kuidai isiyohitaji damu ya mtu; hapo hata mimi mzee mnibebe kwenye kiti changu nije kukaa nanyi. Akighadhibika kwa kuulizwa, nanyi mmekwisha kujua.

Na msisahau kuwa hizo bunduki za upande wa pili watakuwa wamezishika watoto wa Jang'ombe, wa Donge, wa Makunduchi. Januari 2001 watu wetu walikufa Unguja na Pemba, wengine wakavuka kwa ngalawa na mashua hadi Shimoni, Kenya, wakaitwa wakimbizi. Nchi ilichukua miaka tisa kufika kwenye maridhiano ya wakubwa na serikali ya pamoja ya 2010. Wakubwa wale walikaa meza moja, wakashikana mikono, nami nilishukuru, nalia kwa furaha. Lakini kuna mama ninayemjua, simtaji, ambaye siku ile alizima redio. Alikwenda zake kuchota maji. Sikuwa na la kumwambia.

Nimalizie habari ya Khalid, maana niliikatiza. Alikaa ubalozi wa Ujerumani mwezi na zaidi, nje wakimsubiri askari ili akitia mguu barabarani wamkamate. Tarehe 2 Oktoba 1896 maji yalijaa mpaka kwenye bustani ya ubalozi, mashua ya manowari ya Kijerumani, Seeadler, ikasogea hadi hapo, naye akapanda bila ya kukanyaga udongo wa Unguja. Akapelekwa Dar es Salaam, akaishi huko kwa ulinzi wa Wajerumani miaka 20 kasoro. Waingereza walimkamata katika vita vya 1916, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na St Helena, baadaye wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927, mtu mzima, kitandani. Mungu amrehemu, na sisemi hivyo kwa mdomo tu.

Mjini, mchana ule ule wa Agosti, Hamoud alitiwa kwenye kiti. Maduka ya Wahindi yaliporwa wakati wa vurugu, mpaka wakaletwa askari 150 wa Kisingasinga kutoka Mombasa kulinda mitaa. Beit al-Hukm haikujengwa tena. Nimetembea pale umri wangu wote, sijaona ubao wenye jina la hata mmoja wa wale 500. Kisha ikaja hesabu ya gharama. Waarabu waliomuunga mkono Khalid walitozwa bei ya makombora yaliyowapiga, na hasara ya mali iliyoporwa, rupia 300,000, wakazitafuta kutoka kwenye mashamba yao ya karafuu na maduka yao, kwani wao walikuwa bado wapo hapa, na watoto wao, na hawakuwa na mashua ya kuwangojea bustanini.